Petali Nane, Sepali Tatu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye pale posta ananiuliza niliona nini London. Nikijibu kwamba niliona ua la manjano lenye ukubwa wa kifungo cha koti, anadhani namficha mambo. Basi naandika mara moja, msome wote, nipumzike kurudia. Habari za viza na tiketi naziruka, maana hazina utamu. Naanzia pale nilipoanza kuchelewa.

Lushoto, Dar es Salaam, na kiti kisicholala

Basi liliharibika kabla ya Segera. Tulikaa kando ya barabara saa tatu nzima, tukala machungwa ya watu wa pale mpaka wakaishiwa. Mimi nilikuwa na begi moja lenye iliki na unga wa muhogo wa kumpelekea mdogo wangu Zuhura, na mfukoni nilikuwa na lenzi yangu ya kufundishia, ile iliyochubuka pembeni. Nimestaafu, lakini lenzi haijastaafu.

Ndege tuliyopanda Dar es Salaam, ambayo kiti changu kilikataa kulala, nayo ilituacha katikati ya safari, kwenye ukumbi wa kusubiri wenye baridi ya friji. Hapo nilikaa na mama mmoja wa Tabora aliyekuwa akienda kumwona mjukuu. Alinigawia vitumbua vilivyokwisha kukauka, akaniuliza nilikuwa nikifundisha nini. Nikamwambia bayolojia, na hasa mimea.

"Basi niambie ule ni mmea gani," akasema, akinyooshea kidole chungu kikubwa kilichokuwa karibu na nguzo.

Nilikwenda na lenzi. Nikatazama majani, nikatazama jinsi yalivyopangika kwenye shina, nikarudi nikamweleza ukoo wake kwa kirefu. Mama yule akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema mwanawe aliyekuwa karibu alishaugusa, na ni plastiki. Alicheka mpaka tulipoitwa kupanda ndege. Nawasimulia hili mjue ni mtu wa namna gani anayewaandikia: kinywa changu hutangulia macho.

Thornton Heath

Zuhura alinipokea na makoti mawili, moja amelivaa na jingine ni langu. Anakaa Thornton Heath, kusini mwa jiji, ghorofani juu ya duka la nywele. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Anaondoka kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeingia, na katikati hapo anapanda mabasi mengi kuliko niliyopanda mimi mwaka mzima.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za kula. Barabara ya maduka pale ina mihogo, bamia, samaki wakavu, na ndizi mbichi za kila aina. Muuzaji mmoja Mkongo alituita, "Baba, kuja uone, ndizi ya leo hii," nami nikaziona zilivyochakaa, lakini kwa furaha ya kuitwa baba kwa Kiswahili nikanunua. Zuhura alizipika kwa nazi ya kopo. Hazikuwa mbaya.

Siku ya tatu hakula. Nilimwuliza mara mbili kulikoni. Mara ya tatu akaweka kijiko chini.

"Kaka, nimemharibia mtu maisha yake."

Akanieleza. Kuna bibi mmoja huko Tooting anayemhudumia asubuhi saa moja na jioni saa kumi na mbili, anaitwa Bi Manjula. Ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, mjane, na yuko London zaidi ya miaka arobaini katika nyumba ileile. Kwa kuwa wote wanajua Kiswahili, wanaongea Kiswahili. Na kila Zuhura anapomaliza kumhudumia, lazima aandike kwenye simu ya kazi, kwa Kiingereza, mzee amekula nini, amelalaje, amesema nini.

"Sasa tangu mwisho wa mwezi wa pili ananiambia maneno ya ajabu. Eti ua yake imerudi. Kesho yake ua inalala mapema. Keshokutwa ua imeamka. Mimi nikaandika kama alivyosema. Ofisi wakasoma notes zangu, wakampigia mwanawe. Mwanawe akasema hata yeye anaambiwa vitu ambavyo havipo. Sasa social worker, afisa wa ustawi wa jamii, anakuja Alhamisi, si ya wiki ijayo, ile inayofuata, kuamua kama abaki kwake au apelekwe kwenye makao ya wazee."

Alinionyesha alichoandika. Tafsiri yake ni hii: *Mteja anasema uwanja wa nyuma ya nyumba yake umerudi. Mteja anasema uwanja wake umelala.*

"Nikimsafisha asubuhi ananishika mkono," Zuhura akasema. "Ananiambia, 'Mimi nilifunga nyumba moja Kisumu. Nyumba ya pili sifungi.' Na mimi ndiye niliyemwandika."

Nilimwambia hana kosa, ameandika ukweli. Ndivyo nilivyoamini wakati ule. Bibi wa watu alikuwa ameanza kuchanganyikiwa, basi, umri huo.

Tooting, siku ya mvua

Jumamosi Zuhura alinichukua kwenda naye, maana Bi Manjula aliposikia kaka yake ni mwalimu alitaka kuniona. Tulifika saa moja kasoro asubuhi, mvua ikinyunyiza. Ni nyumba nyembamba iliyobanwa na wenzake, jiko liko nyuma, na dirisha la jiko linatazama uani.

Bi Manjula ni mdogo wa umbo, amevaa sweta tatu. Alitupa chai ya tangawizi na chapati nyembamba za majani ya uwatu, na alinisubiri nimalize ya kwanza kabla ya kuzungumza.

"Lushoto iko baridi, nasikia."

"Ipo, Mama, lakini si ya namna hii."

"Hii si baridi, Mwalimu. Hii mwezi wa tatu." Akageukia dirisha. "Ua yangu imerudi. Lakini sasa inalala."

Zuhura akanikanyaga mguu chini ya meza. Nami nikatoa ile sauti ambayo wengine wenu mliosoma darasani kwangu mnaikumbuka, sauti ya kumsahihisha mtu bila kumwumiza. Nikasema, "Mama, ua hauwezi kurudi, kwa sababu haukuondoka. Ua umezungushiwa ukuta."

Alinitazama kwa huruma.

"Nani amezungusha ukuta? Iko karibu na ukuta. Chini."

"Ua uko karibu na ukuta?"

"Mwalimu, sikia pole pole. Ua yangu. Ndogo. Iko na majani kama moyo."

Niliacha kutafuna. Sisi tuliokua na Kiswahili hiki tangu utotoni hatuchanganyi. Ua wa nyumba ni *wangu*, na ua la mmea ni *langu*. Herufi moja tu ndiyo inayotuambia tutazame ukuta au tutazame petali. Lakini Bi Manjula alijifunza lugha nyuma ya kaunta ya duka Kisumu, na huko kila kitu ni *yangu*, kiatu yangu, mtoto yangu, ua yangu. Herufi ile hana. Zuhura alipoisikia kauli hiyo alifungua mlango wa nyuma, akaona uwanja, hakuona ua lolote, basi akaandika uwanja. Nami, mwalimu mzima, nimepita njia ileile hadi kwenye ukuta uleule.

"Zuhura," nikasema, "huyu mama anazungumzia maua."

Tulitoka nje na mvua yetu. Uwanja umesakafiwa kwa saruji, lakini chini ya ukuta wa nyuma kuna ukanda wa udongo, upana wa hatua moja, chini ya mti wa jirani ambao haujachipua. Pale palikuwa na majani ya kijani kilichoiva, manene kidogo, yanang'aa, kila moja lina umbo la moyo na limesimama kwenye kikonyo chake kirefu. Kati ya majani kulikuwa na vichomozo vya kijani vilivyofumba, mithili ya matumba. Ua lililofunguka halikuwepo hata moja.

Zuhura alisimama na mwavuli akiwa hajaufungua. "Mimi hufika hapa kabla jua halijapanda na baada ya kushuka," akasema. "Kaka, hili ningelionaje?"

Kupitia kioo cha dirisha Bi Manjula alikuwa anatutikisia kichwa, kama mwalimu mkuu anayewatazama wanafunzi waliochelewa.

Siku za mawingu na duka la vitabu vya mitumba

Sasa ilibidi nijue ni ua gani. Kusema tu kwamba pana majani ukutani kusingemsaidia mtu. Kila mahali pana magugu. Nilitaka jina, na nilitaka jina litakaloeleza kwa nini linalala.

Siku nne mfululizo nilikwenda Tooting mchana, na siku nne mawingu yalikaa. Bi Manjula alinilisha wali na dengu, akaniambia habari za Kisumu, za mumewe aliyependa kupiga kinanda vibaya, na kila saa sita alivuta kiti dirishani. Siku ya pili uvumilivu ukaniisha. Nilipasua kichomozo kimoja kwa ukucha, nikaona manjano ndani, nikatangaza. Vitabu vya bayolojia nilivyofundishia miaka yote viliandikwa na Waingereza, na katika kila kimoja pana mchoro wa ua lao la manjano la shambani, petali tano, na chini yake sepali tano, vile vijani vinavyolifunika ua kabla halijafunguka. Nimeuchora mchoro ule ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu, na ua lenyewe sijawahi kuliona. Nikamwambia Bi Manjula ndilo hilo.

"Petali ngapi?"

"Tano."

"Wewe ngoja jua," akasema. "Halafu hesabu."

Siku ya tano jua lilitoka. Nilipofika, Bi Manjula alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, na ule ukanda wa udongo ulikuwa umebadilika. Maua yalikuwa yamefunguka wazi, mengi, manjano ya kung'aa hata mtu angedhani yamepakwa mafuta. Nilipiga magoti juu ya gazeti. La kwanza lilikuwa na petali nane. Nikalirudia: nane. Lililofuata tisa. Jingine nane, jingine kumi na moja. Nikaligeuza ua na kutazama chini yake kwa lenzi: sepali tatu. Si tano. Na petali zenyewe, zinazowaka upande wa ndani, kwa nje zimefifia, zina ukijani uliochanganyika na udhurungi, ndiyo maana likifumba huwezi kulitofautisha na majani. Nikachimba mche mmoja. Mizizi yake ilikuwa na kishada cha viazi vidogo vyeupe, vinene kuliko punje za mchele, vimebanana.

Nilikaa palepale chini. Niliona aibu, na chini ya aibu nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu niache chaki. Mambo yote niliyoyajua kuhusu ua hili yalikuwa ya ua jingine.

Kesho yake niliingia kwenye duka la mitumba la hisani, barabara ya maduka ya Tooting. Mzee wa Kiingereza anayejitolea pale nilimwomba kitabu cha maua, akaniletea kwa fahari kitabu cha kupamba meza za harusi. Nikamweleza kwa mikono kwamba nataka maua yanayojiotea. Akavua miwani.

"Sepali ngapi?"

"Tatu."

"Majani?"

"Moyo."

"Una habari za mizizi yake?"

Nikafungua leso, nikamwonyesha vile viazi. Alitaja jina kabla hajagusa rafu: "lesser celandine." Kisha akanitafutia kitabu kidogo kilichochanika jalada, akafungua ukurasa, na pale palikuwa na jina la kisayansi, *Ficaria verna*, na ua la Bi Manjula lenyewe. Ni mzaliwa wa nchi ile, wala halikuletwa na mtu. Alikataa kunipangia bei. Alisema si kila siku anaulizwa swali zuri.

Neasden

Zuhura aliniambia neno la mwana ndilo litakalosikilizwa zaidi, na mwana, Kirit, Jumapili huwa Neasden kwenye lile hekalu kubwa la Wahindu, akijitolea. Basi nikaenda. Njia ni treni mbili za chini ya ardhi. Kwenye ya pili nilizama kwenye kile kitabu, na nilipoinua kichwa Neasden ilikuwa nyuma na treni imefika mwisho wa reli. Nikarudi. Nilipofika hekaluni nilikuwa nimechelewa saa nzima, na soksi yangu ya kushoto ina tundu.

Pale unavua viatu. Nilimkabidhi vyangu bwana mmoja wa makamo aliyekuwa akivipanga, nikamwuliza kwa Kiingereza atanisaidiaje kumpata Kirit, mfamasia, mtoto wa Bi Manjula wa Tooting. Akasimama na viatu vyangu mkononi.

"Ni mimi," akasema.

Kirit anakielewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Namwandika kwa lugha yetu. Alinipeleka ukumbi wa chakula, akanipa kichuri cha mchele na choroko, na supu ya mtindi yenye majani ya mchuzi. Nilikula kwanza, kwa kuwa nilikuwa na njaa na sikujua pa kuanzia. Kisha nikamwambia mimi ni mwalimu, kaka yake Zuhura, na kwamba mama yake hajachanganyikiwa. Ua lipo.

Alichoka mbele yangu. "Mwalimu, ananiambia hivyo kila mwaka. Uwanja ule naujua. Nimeutazama kila mwezi wa nane kwa zaidi ya miaka ishirini, natembea ukuta hadi ukuta. Hakuna ua. Hakuna hata jani."

"Kwa nini mwezi wa nane?"

"Ndipo ninapopata likizo."

Nikafungua kitabu, nikamsomea taratibu sentensi ya mwisho ya ukurasa ule. Ilisema kwamba kiangazi kinapoanza mmea huu hukauka wote, majani na maua, na juu ya ardhi hapabaki kitu mpaka mwisho wa baridi. Vinabaki vile viazi tu, udongoni.

Kirit alikichukua kitabu akasoma mwenyewe. Alikisoma muda mrefu kuliko urefu wa sentensi. Mwishowe alisema kitabu si mama yake, na kwamba atakuja Alhamisi. Alinirudishia viatu vyangu kwa mikono miwili.

Tooting, Alhamisi

Nilikuwa nimeomba kikao kiwe saa sita, jua likiwa juu. Afisa akasogeza kikao hadi saa nne asubuhi, na mvua ilianza alfajiri ikanyesha bila kupumua.

Afisa alikuwa mama mrefu, mpole, na upole wake ulinitia hofu zaidi. Tulikaa jikoni watano, Kirit naye akiwemo. Zuhura alisema kwanza. "Niliandika neno ambalo hakulisema. Nilidhani nimemwelewa." Nikaeleza ile herufi moja. Nikaweka sahani mezani yenye mche nilioung'oa, majani ya moyo, viazi, na kichomozo kimoja kilichofumba. Nikaeleza sepali tatu. Afisa aliandika kila kitu, kisha akasema jambo la haki: kwamba anafurahi mmea upo, lakini yeye hakuja kwa ajili ya mmea. Alitaka kujua Bi Manjula anaona nini.

Akainama karibu na kiti chake, wote wawili wakitazama dirishani.

"Ua lako, unaliona sasa hivi?"

Niwaambie ukweli, niliomba moyoni aseme ndiyo. Tumelitafuta wiki mbili, tumelipata, tumelipa jina. Nilikohoa hata, kumsaidia, kama nilivyokuwa nikiwakoholea wanafunzi siku ya mkaguzi.

Bi Manjula alitazama nje. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo.

"Hapana," akasema kwa Kiingereza. "Leo kuna mvua, limefunga. Nitalionaje?" Akamgeukia afisa. "Wewe unaliona?"

"Hapana," akasema afisa.

"Basi tuko sawa."

Afisa alifunga daftari lake. Najua mtataka kujua, kwa hiyo nawapa jibu hapa: barua ilikuja kabla sijaondoka. Bi Manjula anabaki nyumbani kwake, na Zuhura sasa ana zamu ya tatu, ya saa sita mchana.

Lakini siku ile barua ilikuwa bado, na afisa alipoondoka tulibaki jikoni. Kirit alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma. Mama yake huongea naye Kigujarati, lakini aliyasema haya kwa Kiswahili, nadhani alitaka sote tusikie.

"Mimi nilikuambia kila mwaka. Wewe ulikuja kuangalia kwa mwezi yako. Hukuja kwa mwezi yake."

Kirit alifungua mlango, akatoka bila koti, akavuka saruji na kuchuchumaa chini ya ukuta. Tulimwona akifunua majani kwa kidole kimoja, jani kwa jani, huku mvua ikimlowesha mgongo. Zuhura alianza kulia, na mimi nilikuwa karibu kumfuata.

Bi Manjula alisogeza kiti chake mpaka kikagusa dirisha. Alimtazama mwanawe, kisha akanivuta mkono wa koti.

"Mwalimu," akasema, "mwambie asikanyage."